Shingo

Nilimpima mara ya kwanza mwezi wa Oktoba,
duka likinuka chaki na pasi ya moto.
Klabu ilinituma: mshonee huyu Mjojia koti la safari,
ameshuka jana kutoka milima ya Kaukasi,
Kifaransa chake ni "asante" na "mkate", basi.
Malkhazi. Miaka ishirini na mmoja.
Nikazungusha utepe: arobaini na tatu.
Nikamwambia mwanagenzi wangu, andika kwa penseli,
shingo ya namba tatu haikai na kipimo kimoja.

Najua. Marehemu mume wangu aliivaa jezi hiyo
zama ambazo malipo ya raga yalikuwa supu
na kazi ya kugawa barua.

Watu hulipia kiingilio wamwone yule mwembamba wa pembeni
anavyoponyoka kama sabuni hadi kwenye mstari.
Kazi ya Malkhazi ilikuwa gizani.
*Inameni*, asema refa. *Shikaneni. Ingieni.*
Na uzito wa wanaume wanane wa upande wa pili
hupita katika mfupa mmoja,
ule ule ambao mama yake aliutegemeza kwa kiganja
siku ya kumzaa.
Asubuhi gazeti huandika nani kafunga.
Kutorudi nyuma hakuna safu yake.

Arobaini na saba. Msimu uliofuata, arobaini na tisa.
Alinionyesha simuni nyumba aliyowajengea wazazi, Guria,
bati jekundu, baba yake kasimama mlangoni
kama mgeni anayengoja kukaribishwa.
Kwao, alisema, siku ya Pasaka
vijiji viwili hugombea mpira mmoja uliojaa udongo,
wanavuka mto nao, wanaangusha nyua,
na washindi huulaza juu ya kaburi la mtu wao.
Nilidhani Kifaransa kimemponyoka. Akarudia: kaburi.

Hamsini na moja: shati la harusi.
Nestani aliichukua kola, akajifunga kiunoni,
akacheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni.

Kisha klabu ikashuka daraja.
Mkataba mpya, mshahara nusu,
akatia saini shingo upande,
na msinicheke, maana mwaka huo kweli ilikuwa imepinda.
Nilimwona mbele ya kioo changu akihangaika na kifungo,
vidole vya kushoto havikijui.
"Baridi," alisema.
Ilikuwa Juni.
Nikavikata vifungo vyote, nikashona sumaku ndogo ndani ya kitambaa,
juu yake vifungo vya uongo, asigundue kocha wala daktari.
Sikumwambia mtu.
Alicheza misimu miwili na sumaku zangu.
Mpaka leo sijui niliyomtendea ni huruma
au nilikuwa mtu wa tisa mgongoni mwake, nasukuma.

Februari, dakika ya sitini na mbili, skramu ikaporomoka.
Aliinuka mwenyewe, akatembea mwenyewe,
akavua kinga ya meno, akaifuta kwa jezi,
kwa uangalifu, kama mtu ataihitaji tena.

Klabu ilimpelekea maua.
Wiki hiyo hiyo ikaniletea kijana wa Tonga.
Arobaini na nne. Nikaandika kwa penseli.

Aprili alikuja dukani na mpira chini ya kwapa,
mzito, ameushona mwenyewe, mshono wa hovyo.
Hakuomba koti. Aliuliza mume wangu kazikwa wapi.

Tulipanda pole pole, yeye akigeuza mwili mzima
kila alipotaka kunitazama.
Kule juu hakuweza kuinama.
Alipiga magoti, mgongo wima,
akauteremsha mpira kwa mikono iliyonyooshwa
hadi ukagusa jiwe, akauacha.
Nilitafuta neno la kusema.
Upepo ulikuwa mkali.
Akaniomba nimfunge skafu.