Sentimita Moja ya Mraba

Kazi yangu ni kuhesabu.
Ghorofa ya tatu, hospitali ya chuo, Daegu,
dirisha linatazama duka la miwani na maegesho ya baiskeli.
Mtu anaingia, anavua kofia kama anayeungama,
nami nauinamisha utosi wake chini ya taa.

Pale palipoanza kung'aa
tulimchoma nukta ya wino, ndogo kuliko kiroboto,
ili kila nirudipo nirudi palepale:
sentimita moja ya mraba, shamba langu.
Nalinyoa, nalipiga picha, nazihesabu moja moja,
nene, nyembamba, na yale malaika
ambayo mwanga ukigeuka hayapo.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Za bwana Pyo Gi-taek, mpishi wa shule,
mwezi Oktoba zilikuwa tisini na mbili.

Hakuja kwetu akiwa mgeni wa tumaini.
Alikwishapaka maji ya kitunguu
mpaka mkewe akahamia sebuleni.
Alikwishatafuna maharage meusi, kiganja kizima
kila asubuhi, mwaka na nusu.
Kofia ya mwanga mwekundu aliikopea,
akaivaa akitazama besiboli, na deni likadumu
kuliko betri.
Vidonge aliviacha wiki ya pili, kwa sababu
aliyoniandikia kwenye karatasi, hakutaka kuitamka.
Kisha sindano za damu yake mwenyewe,
iliyozungushwa kwenye mashine, ikarudishwa kichwani.
"Ilikuwa yangu," alisema. "Wakaniuzia."

"Ipi ilifanya kazi?" Fomu ndiyo inayouliza, si mimi.
"Zote," akajibu. "Kwa wiki tatu."

Tukampa chupa namba arobaini na moja.
Nusu ya chupa zina dawa,
nusu zina maji na spiriti, harufu ileile, kifuniko kilekile,
na aliyezigawa amefungia orodha kabatini.
Sijui mimi, hajui yeye, hajui daktari Maeng.
Matone asubuhi, matone jioni, wiki ishirini na nne.

Aprili: mia moja na nne.
Nikarudia, nikapata mia na tatu.
Nikarudia tena, mia na nne.
Sikutakiwa kutabasamu; nadhani nilitabasamu.
Yeye akasimama mbele ya kioo cha korido
akizilaza nywele za mbele kwa vidole viwili,
taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Juni kabati likafunguliwa.
Arobaini na moja: maji.

Maeng akaeleza, bila haraka, kwamba vuli hupukutisha
na kipupwe kikipita kichwa hujirudia chenyewe;
ndiyo maana tunazitaka chupa za maji,
tujue kiasi gani ni dawa na kiasi gani ni kalenda.
Waliopata dawa walipata zaidi, kwa wastani.
Lakini wastani hana kichwa.
Mmoja aliongeza thelathini. Mwingine aliongeza muwasho.

Barua nilimsomea mimi.
Akaisikiliza akiwa amepakata kofia.
"Zile kumi na mbili," akasema, "mtazichukua?"
"Hapana. Ni zako."
"Hata bila ninyi?"
"Hata bila sisi."
Akafikiri. Nje mtu alikuwa akipambana na kufuli ya baiskeli.
"Basi nipeni chupa nyingine ya maji yale.
Nimezoea harufu. Asubuhi, kabla ya kupika wali wa watoto mia tatu,
ni dakika mbili ninazojishika kichwa
na si kwa sababu ya mawazo."

Hatuna ruhusa. Nikamwambia hatuna ruhusa.
Akainama, kwa adabu, nikaiona nukta yangu
kwa mara ya mwisho, ikiwa na majani yake kuizunguka.

Kinyozi hajinyoi.
Kwenye lifti kuna kioo, na taa yake haina huruma:
njia ya katikati ya nywele zangu imepanuka,
imeanza kupitisha watu wawili.
Asubuhi hii kwenye chanuo zilikuwa saba.

Sikuandika popote.