Ritifaa

Usiku wa tatu sasa kihariri hakifunguki.
Nakibofya mara mbili, kinakonyeza,
dirisha linachungulia kama jirani anayedaiwa,
halafu pazia.
Hakuna kosa lililoandikwa. Hakuna hata samahani.

Nipo Ng'ambo, Tabora, chumba cha uani,
kompyuta nimeiinua juu ya sufuria iliyogeuzwa ipate hewa,
na kesho saa nne chama cha wafuga nyuki
wanataka ndoo zao zijijumlishe zenyewe.

Mihayo, kwenye simu: "Zima, washa."
Nimezima. Nimewasha.
"Futa, pakua upya."
Bando la wiki nzima likaingia humo;
kikarudi kipya, kikakonyeza, kikafunga.
"Basi toa viendelezi."
Nimevitoa kimoja kimoja, kama mtu anayechagua mchele:
kile cha rangi, kile cha kunyoosha mistari,
kile ambacho sikumbuki nani alinishauri.
"Virusi hivyo," akasema, akapiga miayo.
Fundi akishataja virusi, ujue elimu imeisha.

Kalunde akageuka kitandani:
"Si ilikuwa inafunguka? Juzi uliifanya nini?"
"Sikuifanya kitu."
Ndivyo wanavyojibu wote, hata aliyeimwagia chai.

Lakini swali likakaa.

Juzi nilijipa jina.
Mashine hii niliinunua kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa,
na miaka miwili imekuwa ikiniita Mhasibu2.
Karibu, Mhasibu2. Nywila si sahihi, Mhasibu2.
Mhasibu wa kwanza sikumjua; wa pili nikawa mimi,
niliyefeli hesabu.
Jumapili nikafungua akaunti mpya,
nikaandika polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza:
Ng'wandu.

Nikaenda kwenye dirisha jeusi, nikakiita kihariri kwa amri,
maana asiyetaka kusema sebuleni huenda akasema jikoni.
Kikasema. Mstari mmoja, mwekundu:

folda ya mtumiaji Ng haipo

Ng.
Nikasoma tena. Ng nani?
Kilitoka kunitafuta, kikafika kwenye ritifaa,
kikadhani hapo ndipo maneno ya mtu yanapoanza kunukuliwa,
kikatega sikio kikingoja mtajo ufungwe,
haukufungwa.
Huku Ng, kule wandu,
kama treni ikifika stesheni usiku
wanapokata mabehewa, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza,
na aliyelala behewa lisilo lake
huamka kwa watu asiowajua.

Alama ndogo kuliko chawa!
Mwalimu Sesilia alituchapa kwa ajili yake:
andika ngoa ukitaka wivu,
ng'oa ukitaka jino litoke.
Benki waliniandika Ngwandu. Cheti cha kidato cha nne, Mgwandu.
Nikawaachia. Foleni ilikuwa ndefu.

"Rahisi hiyo," Mihayo akasema. "Itoe alama, ulale."
Kweli ni rahisi. Ni kitufe kimoja.
Kidole kilikuwa pale pale.

Nikafungua faili la kuwashia,
mstari wa arobaini na moja, ulioandikwa na mtu wa mbali
ambaye majirani zake wote, nadhani,
majina yao hayapiti puani.
Simlaumu. Njia yote nikaizungushia mtajo
wa vistari viwili viwili, mwanzo na mwisho,
kama ndoo ya asali inayosafiri ndani ya gunia.
Nikahifadhi. Nikabofya.

Dirisha likachungulia.
Likabaki.

Upande wa kushoto wafuga nyuki wakashuka kwa majina:
Ng'washi, Ng'holo, Ng'walida...
kumi na mmoja, nimewahesabu sasa hivi,
wana ritifaa.
Saa tisa na robo usiku.
Programu yangu haijamjaribu hata mmoja wao.