Kidole

Madirisha mawili meusi, yamefanana kama pacha:
moja la mashine hii, mezani kwangu Langoni,
la pili la ofisi ya maji, Malindi.
Napiga hodi kwa nywila. Sijibiwi karibu,
nawekewa tu kijistari kinachopepesa.
Herufi huenda, ikafika, ikarudi, ndipo niione;
mtandao ukichoka naandika neno zima gizani
nikingoja lije linionyeshe nilipokosea.

Saa saba kasoro. Bili za mita zimekwisha.
Nikaandika *zima*, nikabonyeza,
nikanyoosha mgongo nikalale.

Taa ya mashine yangu ikabaki inawaka.

Yallah.

Mwendo wote ule niliuvuka kwa vidole kumi,
sasa hakuna hata kimoja kinachofika.
Nikampigia Ngowa, bawabu, usingizi ungali mdomoni:
“Ingia chumba cha feni. Kisanduku cheusi,
kitufe cha duara. Bonyeza, ushikilie.”
Nikasikia funguo, kikohozi, kiti kikiburutwa,
kisha feni, polepole, ikivuma.

“Somoe,” akasema,
“kwani huko Lamu hamna vidole?”