Boriti ya Mita Tano

Mwaka niliofeli fizikia walinipeleka mferejini,
Dalsland, Uswidi, ambako jioni ya Juni haina haraka,
niyafungue malango ya maji mashua zipite.
Nilikuwa na miaka kumi na saba na kifua cha kunyanyulia vyuma.
Tuva, bosi wangu, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku ya kwanza niliishika boriti karibu na bawaba,
pale panapong'aa grisi,
nikasukuma hadi masikio yakavuma.
Lango kimya. Bata wawili wakanitazama.
"Ebbe," akasema Tuva, "mlango wa choo kwenu
unausukumia bawabani?"

Akanisogeza hadi ncha ya mwisho,
mbao ilikolainishwa na migongo ya watu.
Mita tano. Sikuongezewa nguvu hata chembe,
nilikopeshwa umbali tu.

Bado nikakosea. Niliegemea kimshazari,
bega likielekea bawaba,
kama mtu anayetaka kuipigilia boriti ukutani,
na jasho langu likaishia kwenye chuma
ambacho hakikuniomba kitu.
Kani inayolenga egemeo haizungushi chochote.
Haya niliyanakili ubaoni kwa Bwana Hjalmarsson,
kani mara umbali mara sini ya pembe,
nikidhani sini ni jina la ugonjwa.

Tuva akaipa boriti mgongo,
tumbo likitazama malisho ya ng'ambo,
akakita kisigino kwenye tofali lililochomoza,
akarudi nyuma. Pembe mraba.
Hatua. Hatua nyingine.
Boriti ilipogeuka, naye akageuka,
akiufuata upinde uliokwanguliwa na viatu vya miaka mia,
asiiache ile pembe hata mara moja.
Lango likafunguka kama mtu anayepiga miayo.

Wiki ya tatu, mvua, niko peke yangu:
nchani kabisa, mgongo sawa, kisigino sawa.
Lango likagoma.
Tuva akachungulia dirishani, akaonyesha kwa kijiko cha uji:
maji ya juu yalibaki yamezidi ya chini.
"Shibiri moja," akasema. "Subiri."
Nikakaa juu ya boriti. Nikalowa.
Maji yalipolingana, nilisukuma kwa nyonga,
nusu nikiwaza chakula.

Agosti nilirudia mtihani.
Swali la nne lilikuwa mlango, bawaba, mshale.
Nilichora matofali kwanza.
Nikapata sitini na moja.