Kifungo

Mochari ya Webuye walinipa vitu vya Masika:
mkanda, viatu vilivyokunywa maji ya Nzoia,
na kifungo cha pembe
walichokichomoa ngumini mwake.
Polisi hawakukitaka.

Miezi saba kimelala kwenye kopo la sindano.

Leo, mvua ikipiga mabati ya kibanda,
Mwalimu Khaoya, yule aliyesoma wasifu wa marehemu
akalia kutushinda sisi wenye msiba,
ananitandikia koti juu ya cherehani.
"Mama, kimoja kilipotea. Sijui wapi."

Nahesabu kwa kidole.
Pembe. Pembe. Uzi mtupu. Pembe.
Penye uzi, kitambaa kimenyofoka.

"Njoo Ijumaa," nasema,
nikilamba uzi,
uzi ukikosa tundu mara tatu.
"Usihangaike, Mwalimu.
Kifungo chako ninacho."