Karata ya Tano

Mimi ndiye mgawaji, ghorofani,
juu ya duka la vipuri, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mama anajua nauza madaftari.

Zamani (nasema zamani, ni Machi tu)
dau lilikuwa na kimo:
mia tano raundi mbili za kwanza,
elfu moja raundi mbili za mwisho,
basi, hata ushike ree zote nne.

Vile vya plastiki tuliviita vidonge.
Nesi Kijoli ndiye aliyevipa jina, akitoka zamu.
"Chekundu kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula,"
husema, na kukisukuma kwa kidole,
kopa mbili mkononi, kopa mbili mezani,
akiingoja ya tano kama angojaye maziwa yachemke.
Elfu moja kuiona. Nani hana elfu moja?

Semhando, karani mstaafu wa mizani ya mkonge,
sikuwahi kumwona akitupa karata.
"Nimelipa kiingilio, sitoki filamu haijaisha."
Kila Ijumaa aliacha elfu nane, elfu tisa,
taratibu, kama pazia lipaukavyo dirishani,
akashuka ngazi akipiga mluzi.

Haba na haba hujaza kibaba, kweli,
kibaba cha mwenye ukumbi:
kila fungu mkono wangu ulichota mia mbili
zikaanguka tunduni, tk.
Sote tulijua. Sisimizi akikung'ata
huamki kumtafuta kwa taa.

Aliyekereka ni Nurdini wa Duga, kijana wa forodha,
anayehesabu midomo ikiwa imefumba.
"Watu hawa hawatishiki!
Nawapandishia elfu, wananilipa elfu,
halafu babu ananipiga kwa jozi ya tatu
aliyoiokota karata ya mwisho!"
Tukacheka. Babu akaagiza chai.

Kisha Bwana Taufiki akarudi kutoka Dar
na karatasi moja, akaibandika kwa gundi ukutani:
DARI LIMEONDOLEWA. WEKA UTAKACHO.

Karata zilezile hamsini na mbili.
Meza ileile, na duara lake la kikombe.
Mimi yuleyule, kucha fupi.
Kumbe tulichokuwa tunacheza
hakikuwa karata.

Jumatatu Nesi alipata tena kopa zake nne.
Nurdini akasema, "Zote,"
akavisukuma kwa viganja viwili
kama mtu afungaye mlango wa gereji.
Laki na themanini.
Nesi alivitazama muda mrefu,
kama cheti cha mgonjwa asiyemfahamu.
"Dozi hii inaua," akasema, akatupa.
Hakuna aliyecheka.
Karata ya tano ikabaki juu ya pakiti, kifudifudi.
Ni mwiko wa kazi kuifunua.

Semhando alilipa kiingilio, kama ada.
Filamu ilichukua dakika kumi na mbili
na pensheni ya mwezi.
Nilitega sikio kwenye ngazi:
viatu tu.

Wiki ya pili, viti sita. Ya tatu, vinne.
Nurdini anawahi, anapanga vidonge minara,
anatazama mlango.
Kala mayai, kala na kuku,
sasa kaketi yeye kwenye kiota.
Bosi akalifungua sanduku, akahesabu mara mbili:
wiki nzima haikufika Ijumaa moja ya Machi.

Karatasi ikabanduliwa. Gundi imebaki,
mraba mweusi unaonasa vumbi.
Dari limerudi, mia tano, elfu moja.
Nesi naye amerudi, anasukuma chekundu chake,
lakini kwanza anamwangalia Nurdini mikono,
na kutwa mara tatu hajaitaja.
Kiti cha Semhando tunawekea mikoba.

Usiku ule, nikikusanya, niliifunua.
Ndiyo, niliifunua.
Ilikuwa saba ya pau.
Nesi angepoteza elfu moja.
Tungecheka.