Daftari la likelemba, Katuba

Ukurasa wa kwanza ni wa miaka ya nyuma:
Sompwe wa herufi, franka elfu tano.
Kaumba wa sura za watu, elfu tatu, deni elfu mbili.
Mwepu wa malori na simba, elfu tano.
Mimi, Numbi, mtunza daftari, elfu tano.
Kila mwezi mmoja wetu alikula,
akanunua rangi, malata, ada ya mtoto,
kisha akarudi kuchangia wa wenzake.

Mashine iliingia ukurasa wa arobaini.
Kyabu wa Sompwe aliileta ndani ya mfuko wa mchele.
"Iambieni neno, itachora."
Tukaiambia: kinyozi.
Ikachora kinyozi wa mji usio na vumbi,
kioo hakina ufa,
mteja anatabasamu kama aliyelipwa.
Kaumba akacheka hadi akatafuta kiti.
"Huyu hajawahi kunyolewa Katuba."

Tungeishia pale, kwenye kicheko.
Lakini mimi ni binti wa mchimbaji.
Najua shaba ilivyoondoka:
kwa gari la moshi, kwa mizani ya watu,
kwa karatasi aliyoitia baba kidole gumba.
Sisi tukabaki na bomba refu la moshi na mlima mweusi wa makapi,
tukauchora hadi kwenye vitambaa vya meza,
maana mtu hujifunza kupenda kilichosalia.
Nikasema: mikono yetu isiende vile.
Kama itajifunza kwetu, iandikwe humu.
Nikapiga mstari:

*Mashine. Mchango: kazi. Zamu ya kula: hakuna.*

Wiki tatu tulibeba mbao, tukapiga picha kuta:
*Leo taslimu, kesho deni.*
*Usikojoe hapa.*
Kila picha na jina la mwenyewe pembeni,
hata ile ya Sompwe iliyokosewa herufi.
Hasa ile.
Kaumba alileta turubai kumi na tisa, ya ishirini akaigeuza ukutani.
Ni uso wa mkewe, marehemu.
"Moja tu, mzee," Kyabu akabembeleza, "tukitaka tutaitoa baadaye."
"Chumvi ukishaitia kwenye mchuzi," Kaumba akauliza,
"unaitoa kwa kijiko gani?"
Kyabu akakuna kichwa. Hakuwa na kijiko.
Basi nikaandika HAPANA kwa wino, si kwa penseli,
na tangu siku hiyo tunauliza kabla.

Mwepu alikufa mvua za kwanza.

Mwezi wa nne akaja tajiri wa barabara ya Kasumbalesa:
malori thelathini, kila moja simba mlangoni.
Tukaiambia mashine: simba.
Akatoka akitazama upande,
jicho la mtu anayekudai na anajua nyumba yako.
Uwanja mzima ukanyamaza.
Jicho lile tulilijua.

"Mgao wa nani?" nikauliza.
Kyabu akasema, tena kwa heshima,
kwamba marehemu hachangii.
Nikafungua ukurasa wa Mwepu.
Sikuwa nimeufunga. Sijui kwa nini, labda uvivu,
labda mkono ulikataa.
Nikasema: anachangia sasa hivi, mbele ya macho yako.

Tukamwita mjane wake, Mama Kapinga.
Alikuja na unga wa bukari bado viganjani.
Hakuuliza fedha.
Alimtazama simba kwa muda mrefu,
akainama karibu kabisa na kioo.
"Jicho ni lake," akasema. "Miguu siyo.
Mume wangu hakujua miguu ya nyuma.
Miaka yote aliificha kwenye majani."

Sompwe akachukua brashi.
Malori thelathini, tukayapandia majani kwa mkono,
marefu, ya kijani kibichi mno,
kama yeye.

Usiku ule umeme ulikatika.
Mashine ikalala, nikawasha mshumaa, nikahesabu mafungu,
nikaweka la Mwepu katika bahasha.
Kisha mstari mpya, chini ya jina lake:

*Kapinga. Mchango: kuona.*
*Zamu ya kula: mwezi ujao.*